Kigoda cha Mguu Mfupi

Afande Shomvi, karatasi zako tatu nimezipokea, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza, nadhani ili nisitoroke nayo. Umesema niandike ukweli wote, nisipunguze wala nisitie chumvi, na nikimaliza nitie sahihi kwenye ile hati uliyoilaza pembeni. Sawa. Mimi ni mtu wa kutii, muulize yeyote. Ila karatasi tatu ni chache kwa mtu aliyezoea kusema na mbao kutwa nzima, kwa hiyo nitabana herufi, na uniwie radhi kwa macho yako.

Jina langu ni Sefu Matungwa, seremala. Nchi yangu unaijua maana ni yako pia, lakini jina lake siliandiki. Si jeuri. Nilipouliza mara ya mwisho niliambiwa la zamani limefutwa kwa kuwa lilimkumbusha Mkuu mambo fulani, na jipya bado liko kwa mpiga chapa. Basi tuseme nchi yetu, na atakayesoma ataijua mwenyewe.

Nianze na Yule wa Zamani, ambaye jina lake nalo ni marufuku. Katiba ya enzi zake ilisema mtawala atakaa miaka mitano. Mwaka wa tano ulipofika aliitisha Bunge, akawauliza waheshimiwa sifuri ni kitu gani. Wakajadiliana kwa siku mbili, wakapiga kura, wakamjibu kwamba sifuri si kitu. Akasema vizuri sana, kuongeza kisicho kitu hakuwezi kuwa na ubaya, akachukua kalamu akaweka sifuri moja baada ya ile tano. Aliyemshikia kidau cha wino siku hiyo alikuwa mwanasheria mmoja mpole, Dakta Lihame. Mkumbuke huyu Lihame. Tawala hupita, yeye hubaki akisubiri na wino wake.

Basi tukakaa chini ya Yule wa Zamani miaka thelathini na mmoja, na tungetimiza yote hamsini kama si Mabruki.

*

Mabruki alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi na yeye tulitahiriwa siku moja, kwa kisu kimoja, tukalia pamoja, yeye akilia zaidi. Kosa lake lilikuwa dogo tu. Siku moja, mbele ya wakulima waliopanga foleni na magunia yao, alisema kwamba mizani ya serikali imetegeshwa, kisha akaigeuza akawaonyesha jiwe lililofichwa chini. Saa ile ile askari wakaanza kumtafuta.

Aliyemficha ni dada yangu Nyamizi. Dada alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, mwembamba, mwenye tabia ya kumtazama mtu juu ya miwani mpaka mtu akumbuke makosa yake yote. Hakuwa na cheo, lakini hata mkaguzi wa elimu alipoingia darasani kwake alivua kofia bila kuambiwa. Alimpandisha Mabruki darini, juu ya jiko la kuni, akamweka huko miezi tisa. Moshi ulikuwa ukimkohoza, na kikohozi kingemtia mikononi mwa askari, kwa hiyo Dada alimshonea mto mdogo wa pamba awe anakoholea humo. Kila jioni alimpelekea ugali wa muhogo na kisamvu. Askari walipokuja kuuliza, aliwatazama juu ya miwani, na wawili kati yao aliwahi kuwafundisha jedwali la kuzidisha. Wakaomba samahani wakaenda zao.

Kisha Yule wa Zamani akaanguka. Alianguka kweli, kwenye ngazi za ndege, akikimbia wananchi na masanduku yake. Mabruki akashuka darini, macho mekundu kwa moshi, watu wakambeba mabegani kutoka mtaani kwetu hadi uwanjani.

*

Sasa nifike kwenye kosa letu, maana umesema nisifiche.

Ulipoitishwa mkutano wa kuandika katiba mpya, hakuna aliyetaka kusikia habari za miaka. Tano ina sifuri yake, saba ina sifuri yake, tarakimu zote tulizichukia. Ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikasimama nikaeleza desturi ya kwetu. Mtemi wa zamani alipotoa hukumu alikaa kwenye kigoda kilichochongwa kutoka gogo moja, bila msumari wala kiungo, na mguu mmoja ulifanywa mfupi kwa vidole viwili. Mtu akikikalia lazima akaze paja asipinduke. Paja likianza kuwaka moto, mtemi anaamua haraka na kuondoka. Hakuna mtemi wa kwetu aliyewahi kung'ang'ania, kwa sababu makalio hayakumruhusu.

Mkutano mzima ulinishangilia. Nilivimba kichwa, siwezi kukana. Pale pale tukaandika kwamba Mkuu wa nchi atakaa juu ya kigoda cha mguu mfupi na hapana kingine, na atatawala mpaka atakapochoka kukaa. Miaka hatukuitaja. Tuliwacheka majirani zetu waliokuwa bado wanahesabu mihula kwa vidole. Tarakimu hufutika kwa kalamu, tukasema, lakini nani atafuta mguu wa mninga?

Mtu mmoja tu aliuliza swali. Dada Nyamizi alinyoosha mkono kutoka nyuma akataka kujua itakuwaje Mkuu akipata pa kuegemea. Watu wakaguna. Wakasema walimu hawa wamezoea kutafuta makosa kwenye daftari za wenzao. Kumpoza, wakampa cheo. Akawa Muulizaji wa Taifa, ambaye kila mwaka, katika Siku ya Kuulizwa, atapanda jukwaani na kumuuliza Mkuu mbele ya wote kama amechoka. Mimi nikawa Fundi wa Kigoda, ambaye kila mwaka atatia sahihi hati ya kuthibitisha kwamba kigoda ni kile kile.

Nilikichonga kwa wiki tatu. Chini yake, mahali asipoona mtu, nilichora kwa patasi majina matatu, MABRUKI, NYAMIZI, SEFU, yakifuatana hivyo. Mabruki tulimchagua kuwa Mkuu, na siku ya kiapo alikikalia, akakaza paja, jasho likamtoka.

"Ndugu zangu," alisema, "siku mtakayoniona nimekaa bila kuumia, mjue nimewasaliti."

Nililia, Afande. Hata leo maneno yale nayakumbuka yote, na ndiyo maana nina hasira nayo.

*

Mwaka wa kwanza nchi ilikwenda vizuri kiasi kwamba tulianza kuona haya. Vikao vya baraza la mawaziri viliisha kabla chai haijapoa. Mizani zote za pamba zilisawazishwa asubuhi moja, kwa sababu Mkuu alitaka kuinuka. Siku ya Kuulizwa Dada alipanda, akamwuliza Mabruki kama amechoka, naye akajibu kwamba amechoka sana, paja limekufa ganzi, ila anaomba mwaka mmoja amalize aliyoyaanza. Tukampa kwa vigelegele.

Mwaka wa pili alimtuma mtu kwa Dada kuomba ule mto wa pamba. Alisema ni kumbukumbu ya mapambano na anataka uwe karibu naye. Dada akautoa. Wiki iliyofuata mto ukaonekana juu ya kigoda, na Mkuu juu ya mto.

Hapo ndipo Dakta Lihame alipotokea tena, safari hii akiwa Waziri wa Ukaaji. Alihutubia Bunge saa nne. Alieleza kwamba mto ule si starehe bali ni historia, na taifa lisilokalia historia yake litakalia ya wengine. Hata hivyo, kwa kuheshimu katiba isemayo kigoda na hapana kingine, mto ungeshonewa kwenye suruali ya Mkuu. Kuanzia siku hiyo mto ulikuwa kisheria sehemu ya suruali, na katiba haisemi neno juu ya suruali. Waheshimiwa walipiga meza.

Mwaka wa tatu ikaundwa Kamati Teule ya Mgongo wa Taifa. Iligundua kwamba kigoda hakina egemeo, jambo ambalo ningeweza kuwaambia bila kamati. Lihame akatoa hoja kwamba kigoda kisiguswe abadani, ila ukuta wa ukumbi wa Ikulu, ambamo Bunge hukutana, ubomolewe na kujengwa upya, ukimgusa Mkuu mgongoni. "Mkuu haegemei," alisema. "Ukuta ndio unaomwegemea Mkuu." Ukuta ukajengwa kwa siku sita. Kwa bahati mbaya ulikata ukumbi katikati, na viti vya wabunge wa upinzani vikabaki nyuma yake. Nasikia baadhi yao wako huko hadi leo, wakigonga ukuta kuomba nafasi ya kuchangia.

Wewe unaweza kuniuliza, Fundi, ulikuwa wapi? Nilikuwa kwenye karakana yangu, nikijitia hamnazo. Nilisema kigoda changu hakijaguswa, na kweli hakikuguswa. Kisha nikaitwa Ikulu.

Mabruki alinikaribisha mwenyewe mlangoni, akanilisha pilau, akakumbusha kisu cha jando tukacheka mpaka machozi. Halafu akapandisha suruali akanionyesha paja. Lilikuwa na michirizi ya zambarau, nikamhurumia. Akasema madaktari wa ng'ambo wameshindwa, na fundi bora kuliko madaktari wote wa ng'ambo anakula pilau mbele yake. Kilemba cha ukoka hicho, nikakivaa.

Nikamwambia mguu hauongezeki, gogo ni moja. Lakini sakafu si kigoda. Sakafu haikutajwa popote.

Ni mimi niliyesema hivyo, Afande. Lihame hakuwepo. Nikaenda nyumbani nikachonga ubao wa mninga, unene wa vidole viwili, nikaupiga randa na msasa mpaka ukalingana rangi na nyuzi na sakafu ya Ikulu, nikaukaza chini ya ule mguu. Hata mimi mwenyewe nilipata tabu kuuona. Kazi safi, nilijisifu. Dada alipita karakana wakati nauranda, akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa kabati la watu.

*

Siku ya Kuulizwa ya mwaka wa nne tulimkuta Mkuu amelala. Alilala kabla ya wimbo wa taifa, akakoroma wakati wa wimbo wa taifa, na redio ikawaeleza wasikilizaji kwamba ile ilikuwa besi ya kwaya. Ngoma zikapigwa, hakuamka. Mtu aliyekalia kigoda cha mguu mfupi hawezi kusinzia hata dakika moja, ataanguka, na watu wote uwanjani walilijua hilo. Ukuta wa Ikulu ulikuwa umefunguliwa upande unaotazama uwanja, ili umati uone.

Dada akapanda jukwaani na karatasi yake yenye swali la kila mwaka. Alimtazama Mabruki juu ya miwani. Akatazama chini, penye mguu wa kigoda. Kisha akainua macho akanitafuta mimi kwenye safu ya waheshimiwa, akanipata. Hakuninunia. Alinitazama tu kama alivyokuwa akitazama jibu baya la mwanafunzi aliyemtarajia kufaulu.

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akamshika Mabruki bega.

"Mabruki," alisema, "unaumia?"

Naye, usingizi ukiwa bado umemjaa, akatabasamu kama zamani alipokuwa akipokea sahani darini.

"Hapana, Dada. Siumii kabisa."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Uwanja mzima ukanyamaza, kwa sababu wote tulikuwepo siku ya kiapo. Ukimya ule ulimwamsha Mabruki sawasawa. Alituangalia, akajua alichokisema, na uso wake ukakauka mbele yetu.

Lihame akaruka kwenye kipaza sauti. Akatangaza kwamba Muulizaji ameuliza swali lisilokuwemo kwenye ratiba, dalili ya wazi ya uchovu, na kwamba serikali inayojali haiwezi kumwacha mama mchovu kazini. Dada angepelekwa Kituo cha Mapumziko ya Taifa. Ndipo tulipokisikia kituo hiki chako kwa mara ya kwanza, nadhani hata wajenzi wake walikisikia siku hiyo.

Walipompitisha mbele yangu, askari wawili huku na huku, hakusema habari ya ubao. "Sefu," aliniambia, "jiko nimeliacha na moto. Kalizime."

Nikaenda nikalizima. Kulikuwa na maharage, yalikuwa yameshaungua chini.

Toka hapo desturi ikarekebishwa. Siku ya Kuulizwa Lihame ndiye hupanda, na huwauliza wananchi kama wao wamechoka. Anayesema ndiyo hupewa mapumziko. Ripoti ya serikali inasema idadi ya wachovu imepungua mno.

*

Hati ya mwaka ule niliitia sahihi. Ilisema kigoda kilichopo Ikulu ndicho kile kile, na kilikuwa ndicho. Mabruki alinishika mikono yangu miwili akasema Dada atarudi baada ya mavuno. Alilia. Alisema bado anausikia moshi wa jiko lake kifuani. Mwaka uliofuata ikawa baada ya sensa. Uliofuata tena, baada ya wageni wa mkutano wa majirani kuondoka, kwa sababu wageni wangeshangaa kuona mtu anatoka mahali ambapo hakuna aliyeingia. Kila mwaka nilitia sahihi, nikarudi nyumbani, nikafagia nyumba ya Dada, nikapanga kuni jikoni zikae tayari.

Barua nilipeleka, hazikujibiwa. Nguo nilipeleka, zilipokewa. Hapa mlangoni niliambiwa kila mara kwamba anaendelea vizuri kupumzika.

Mwanzoni mwa masika ya mwaka huu Mabruki akaniita tena. Hapakuwa na pilau. Alitaka kiti kipya, kikubwa, chenye springi na mikono, cha ngozi, miguu minane inayolingana. Lihame alikuwa ameshapitisha sheria kwamba kiti hicho kitaitwa Kigoda cha Mguu Mfupi, na kwamba vile vigoda vya wauza vitumbua barabarani viitwe vifaa vya kukalia, ili wageni wasichanganyikiwe. Nilisimama nikamtazama Mabruki. Nikamwambia nitakitengeneza kwa sharti moja. Siku nitakayokileta, Dada atoke.

Akaja akanishika bega. "Neno langu, Sefu. Siku utakayokileta, utaondoka na dada yetu."

Dada yetu, alisema. Nikamwamini. Sijui niandike vipi ueleweke, Afande, kwamba baada ya yote yale nilimwamini. Mtu uliyelia naye utotoni, humchukulii kama mtu mwingine. Nikafanya kazi miezi saba. Nilimpelekea Dada kanga mpya, zile za kuvaa siku ya kutoka, zikapokewa hapa mlangoni, na askari akaandika kwenye kitabu.

Kiti kilibebwa na watu kumi na wawili. Mabruki akakikalia, akazama mpaka kiunoni, akapumua pumzi ndefu, akafumba macho. Nikangoja. Nikangoja tena. Mwishowe nikauliza Dada yuko wapi.

Alijibu bila kufumbua macho. Dada amekataa kutoka. Amesema kule ni kuzuri, amezoea, asisumbuliwe.

Mimi nimeishi na dada yangu miaka hamsini na mbili, Afande. Hajawahi kusema mahali popote ni pazuri. Harusini kwangu alisema chakula kimezidi chumvi na maturubai yamefungwa ovyo. Nikajua ni uongo, na nikajua kwamba Mabruki anajua kuwa nimejua, naye hakujali. Hilo la kutojali ndilo lililoniuma. Angenidanganya kwa bidii kidogo ningeona bado nina thamani kwake.

Lihame akaleta hati ya mwaka na wino. Safari hii ilisomeka hivi: mimi Sefu Matungwa, Fundi wa Kigoda, nathibitisha kwamba kigoda kilichopo Ikulu ndicho kile kile nilichokichonga kwa mkono wangu, cha gogo moja, chenye mguu mfupi kwa vidole viwili, na kwamba Mkuu bado anaumia. Kisheria bila sahihi yangu Mkuu angekuwa anakaa kinyume cha katiba, na Lihame ni mtu wa sheria. Nikasema nitasaini nikimwona dada yangu.

Mabruki akafumbua macho. Alinitazama kwa upole kabisa.

"Sefu," alisema, "wewe umechoka."

Ndivyo nilivyofika hapa.

*

Kituo chenu nakisifu. Kuta zimepakwa chokaa, na lile bango la mlangoni la kutukaribisha wote limeandikwa vizuri. Ulinipokea kwa heshima, Afande Shomvi, ukaniita Fundi, ukaniingiza chumba hiki chenye meza moja na cha kukalia kimoja, ukaniambia nikae mpaka nitakapokuwa tayari kusaini. Ulisema wengi hapa hawafiki siku ya pili. Wanasaini chochote, mradi wainuke.

Nikakaa. Nilielemea kushoto, na paja langu likajikaza lenyewe kabla sijafikiri. Mkono wa seremala una akili zake. Nilipitisha vidole chini, palepale ninapopajua, nikazisoma herufi zangu kwa ncha ya kidole.

Jina la kwanza halipo. Mahali pa jina la Mabruki pamepigwa msasa mpaka pakawa laini. Ulinieleza wewe mwenyewe nilipokuuliza. Kuna waraka unaokataza raia yeyote kukalia jina la Mkuu, kwa hiyo kabla ya kigoda kuletwa huku fundi mmoja aliagizwa kuliondoa. Aliondoa vizuri, hakuacha hata kovu.

Na nilidhani kigoda kimeletwa mwezi huu, kiti kipya kilipoingia Ikulu. Ukaniambia sivyo, kipo hapa mwaka wa pili sasa. Alichokuwa anakalia Mabruki muda huo wote kilikuwa cha kuiga, kimechongwa na mtu mwingine, na mimi Fundi wa Kigoda nilikisainia bila kuinama kukitazama, kwa sababu nilikuwa natazama mlango kama Dada atatokea.

Chini ya jina la pili kuna maneno ambayo sikuyaandika mimi. Yamekwaruzwa kwa kitu chembamba, labda pini ya kanga, kwa mwandiko ulionyooka wa ubaoni. Nilikipindua kigoda nikayasoma kwa macho, na wewe ulikuwa mlangoni ukaniacha nisome. Yanasema: Naumia. Sijachoka.

Nikakuuliza ni nani aliyekaa hapa kabla yangu. Ukasema faili hilo si lako. Nikauliza tena. Ukasema, "Mwalimu," na nikaelewa kwamba na wewe alikufundisha jedwali la kuzidisha. Nikauliza alikaa mpaka lini. Ukasema mpaka wiki chache kabla ya masika. Nikakuuliza baada ya hapo yuko wapi.

Ulivua kofia.

Nimepiga hesabu, maana nimelelewa na mwalimu wa hesabu. Siku niliyoanza kupiga randa miguu ile minane, Dada alikuwa amekwisha kuzikwa. Mabruki alinishika bega na kunipa neno lake huku akijua. Alikula miezi yangu saba akijua. Zile kanga zilipokewa, zikaandikwa kwenye kitabu, na hapakuwa na wa kuzivaa. Dada alimficha miezi tisa darini, akamlisha kwa mkono wake, na alipokufa Dada, yule mtu hakunipa hata kaburi la kwenda kupalilia. Nami nilichonga ule ubao. Hayo mawili siwezi kuyatenganisha, na usiniombe niyatenganishe kwenye maelezo haya.

Karatasi ya tatu inaisha, kwa hiyo nifike kwenye hati. Nimeisoma mara mbili. Inanitaka nithibitishe kwamba kigoda nilichokichonga kwa mkono wangu kiko Ikulu. Umeniambia niandike ukweli wote nisifiche, nami ni mtu wa kutii. Hati hiyo siwezi kuisaini. Kigoda hakiko Ikulu. Kiko hapa, nimekikalia, kina majina mawili, na mguu wake mmoja ni mfupi kwa vidole viwili, kama nilivyouchonga.

Naumia, Afande. Unaweza kwenda kula, mimi bado nimekaa.